Nilivilaumu vipapatio, kumbe sikujua kuvipima

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku yetu ya kula nje. Si mambo makubwa. Mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka minne tunatembea kwa miguu hadi mgahawa mmoja hapa Tabata, tunaagiza sahani mbili za vipapatio vya kuku, chipsi na soda, kisha tunarudi nyumbani kabla mtoto hajasinzia begani kwa baba yake.

Mwezi ule tuliketi mezani saa 2:00 usiku. Saa 5:00 usiku binti yangu alianza kutapika. Kufika alfajiri alikuwa anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani, na kila tulichomnywesha alikirudisha. Tulimkimbiza kituo cha afya, akalazwa.

Kabla hata dripu ya kwanza haijaisha, mimi nilikuwa nimeshampata mkosaji. Nilikaa kwenye benchi la wodi, nikashika simu, nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shuleni kwake.

Nilitaja mgahawa kwa jina. Nikasema vipapatio vyao vilikuwa na wekundu karibu na mfupa. Nikamalizia na maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku nageukia ukutani: “Mnajua mimi ni mwandishi wa habari za afya, siwezi kusema kitu nisichokijua.”

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesema kitu nisichokijua.

Binti yangu aliruhusiwa Jumatatu asubuhi. Tulipewa maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki vya kuendelea navyo nyumbani kwa siku 10, hata kama kuhara kungekoma mapema. Nilimuuliza daktari kama ni kuku. Alinitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa swali hilo. “Dada, kwa mtoto mmoja na choo kimoja siwezi kukuambia ni kuku. Kuna mtoto mwingine anaumwa nyumbani au shuleni?”

Mchana mwalimu wake akapiga simu kumjulia hali. Katika kuzungumza akasema, “Poleni sana mama. Yaani wiki hii imekuwa hivyo tu. Darasani wako watatu, walianza tangu Alhamisi, kutapika na kuharisha.”

Alhamisi. Sisi tulikula Jumamosi. Na hao watoto watatu hawakuwa nasi mezani.

Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu. Kisha nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya pale kwenye benchi. Nikachukua daftari langu la kazi, nikajihoji kama ninavyomhoji mtu mwingine.

Nani alikula? Sote watatu, sahani zilezile. Nani aliugua? Mmoja. Baada ya muda gani? Kama saa tatu. Bakteria wanaohusishwa zaidi na kuku asiyeiva ni Salmonella na Campylobacter. Wa kwanza kwa kawaida huanza kumsumbua mtu kati ya saa 6 na siku tatu baada ya kula. Wa pili mara nyingi huchukua siku mbili hadi tano. Hayo nimewahi kuyaandika mwenyewe, gazetini, kwa jina langu.

Ipo pia sumu ya bakteria wengine, kama Staphylococcus, inayoweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba vipapatio havikuhusika. Lakini ushahidi niliokuwa nao ulielekea zaidi darasani kuliko jikoni, na mimi nilikuwa nimetoa hukumu huku nimeketi wodini na mtoto amelala mapajani.

Mzazi mwenzangu, nadhani unaelewa jinsi ilivyokuwa. Mtoto akiumwa unatafuta cha kushika. Kukasirikia mtu ni rahisi kuliko kukaa na hofu.

Jumanne jioni nilikwenda mgahawani peke yangu. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, huwa anakaa karibu na kaunta akimenya vitunguu saumu. Nilimsalimu, “Shikamoo mama.” Akaitika, “Marahaba mwanangu, mtoto anaendeleaje?”

Kumbe alikuwa na habari zote. Ule ujumbe wangu ulikuwa umetoka kundi moja hadi jingine mpaka ukamfikia. Mzazi mmoja alikuwa ameagiza vipapatio 100 kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa mtoto wake, akaifuta oda Jumapili asubuhi. Kuku walikuwa wameshanunuliwa. Vijana wawili wanaomsaidia kwa malipo ya siku aliwaambia wapumzike mpaka hali itulie.

Hakunifokea. Aliniuliza tu, “Kwa nini hukunipigia mimi kwanza? Namba yangu si imeandikwa pale ukutani?”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamwambia nitawaambia watu wote niliowaambia. Akasema sawa, lakini kabla sijaandika chochote niingie jikoni nione, maana alichoka kusemwa na watu wasiojua hata kipapatio kizuri kikoje.

Hapo ndipo aliponigusa. Nimekula vipapatio tangu utotoni. Nyumbani kwetu kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba, mapaja ya wageni, na sisi watoto tuligawiwa vipapatio, shingo na miguu. Nilijiona mjuzi. Lakini kama mtu angeniuliza nimweleze kizuri ni kipi na kibaya ni kipi, ningesema tu “kitamu.”

Nilikaa jikoni kwake karibu saa mbili. Haya ndiyo niliyotoka nayo, na sasa ndiyo ninayoyatazama kila tunapokula nje.

Muda wa kusubiri

Kipapatio kizuri hakiji mezani baada ya dakika tatu. Kikija hivyo, kilikuwa kimepikwa zamani na kimepashwa tu. Si kosa kama kilitunzwa kikiwa cha moto sana au kwenye friji. Kosa ni kile kilichokaa kwenye kabati la kioo lenye taa, kikiwa vuguvugu, tangu mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili.

Siku hizi nikiona sahani imefika haraka mno namuuliza mhudumu kwa upole, “Hivi vimetoka sasa hivi?” Mhudumu mkweli hukujibu bila kubabaika.

Ngozi

Kipapatio ni ngozi zaidi kuliko nyama, kwa hiyo ngozi ikishindikana hakuna kilichobaki. Iliyo nzuri hukatika kwa meno na kutoa sauti. Mbaya huvutika kama mpira, na chini yake unaona mafuta meupe ambayo hayakuyeyuka.

Siri yake, alivyonionyesha mama yule, ni maji. Ngozi yenye maji haikauki, inachemka. Yeye huvipaka vipapatio chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, huvipanga kwenye sinia na kuviacha usiku kucha chini kabisa ya friji, ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Kesho yake huvifuta kwa karatasi safi kabla ya kuvitia moto.

Kisha huvipika mara mbili. Kwanza mafuta ya moto wa wastani mpaka viive ndani, anavitoa vipumzike, halafu mafuta yenye moto mkali kwa dakika chache ili vikauke nje. Vya kuchoma hufanya vivyo hivyo kwa mkaa: kwanza pembeni ya moto, mwisho ndiyo juu ya makaa. Anayekimbilia moto mkali tangu mwanzo hupata kipapatio cheusi nje na kibichi ndani.

Wekundu karibu na mfupa

Hapa ndipo aibu yangu ilipoongezeka. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu. Mifupa yake bado haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya na kutia wekundu kwenye nyama iliyo karibu, hasa kama kuku aliwahi kugandishwa. Nyama hiyo inaweza kuwa imeiva kabisa na bado ikawa nyekundu pale mfupani. Na inaweza kuwa nyeupe lakini haijafikia joto linalotakiwa.

Kipimo cha kuaminika ni kipimajoto: nyuzijoto 74 ndani ya nyama, bila kugusa mfupa. Mama yule anacho kimoja kidogo chenye ncha, amekining'iniza kwenye msumari. Mimi mwandishi wa afya jikoni kwangu sikuwa nacho.

Mezani huwezi kwenda na kipimajoto, lakini unaweza kushika kile kipande cha katikati chenye mifupa miwili myembamba na kukizungusha. Kikiwa kimeiva vizuri, mifupa inateleza na kutoka. Kikigoma, nyama imeng'ang'ania na majimaji yanayotoka yana damu, kirudishe jikoni. Kipapatio hakiharibiki kwa kuongezewa moto kama kifua cha kuku. Kina mafuta na mishipa inayolainika kadiri inavyopikwa.

Na kwa mwenye mtoto mdogo, itoe hiyo mifupa miwili kabla ya kumpa. Ni myembamba na inaweza kumkwama.

Harufu ya mafuta

Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno huwa meusi, huwa mazito, hutoa povu na hufuka moshi mapema. Kwenye sahani utayajua kwa harufu kali inayobaki kooni hata baada ya kunywa soda. Kipapatio kizuri kinanukia kuku na viungo, hakinukii karai.

Mchuzi wa pembeni

Mama yule hamwagii mtu pilipili juu ya kipapatio. Anaiweka kwenye kibakuli. “Ninayekificha kipapatio kwa mchuzi ni yule ninayejua kimelala,” aliniambia akicheka. Mimi naongeza la kwangu: mchuzi ukiwa pembeni, mtoto anakula bila pilipili na mwenye presha anaweza kupunguza chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na sahani moja ya vipapatio vilivyoloweshwa kwenye mchuzi inaweza kula sehemu kubwa ya hiyo.

Sina maana kwamba mchuzi ni dhambi. Vipapatio vilivyopata umaarufu duniani vilianza na mchuzi. Mwaka 1964, katika baa ya Anchor Bar mjini Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, Teressa Bellissimo alivikaanga vipapatio, ambavyo wakati huo wengi waliviona ni vya kutilia ladha supu tu, akavichanganya na pilipili ya chupa na siagi. Mwaka 1977 meya wa mji huo, Stan Makowski, alitangaza Julai 29 kuwa siku ya vipapatio. Kipande kilichodharauliwa kikawa na siku yake. Sisi watoto wa vipapatio na shingo tungeambiwa mapema tungejivuna.

Koleo mbili

Hili ndilo nililolipenda kuliko yote, na si la ladha. Jikoni kwa mama yule kuna koleo mbili. Moja ina kitambaa chekundu kwenye mpini, ni ya kuku mbichi. Nyingine haina kitu, ni ya kuku aliyeiva. Mbao za kukatia nazo ni mbili, moja ya nyama na nyingine ya kachumbari, na zinakaa pande tofauti za jiko.

Mara nyingi tunamshuku kuku aliyepita kwenye moto na kuisahau kachumbari iliyokatwa kwa kisu kilichotoka kwenye kuku mbichi. Moto umeua vijidudu vya kuku. Kachumbari haijapita kwenye moto wowote.

Kama jiko liko mbele kama kwenye vibanda vingi vya chipsi, simama dakika mbili utazame mikono. Anayepokea pesa ndiye anayeshika kuku? Koleo iliyogeuza vibichi ndiyo inayokupakulia? Dakika hizo mbili zitakuambia mengi kuliko taa za rangi na picha za ukutani.

Sehemu moja tu tulibishana. Yeye anaosha kuku mbichi kwa ndimu na chumvi, mimi nikamwambia wataalamu wengi wa usalama wa chakula wanashauri tusioshe, kwa sababu matone yanaruka na kusambaza bakteria kwenye sinki na vyombo. Akaniuliza kama nimewahi kumwona kuku anavyotoka sokoni na vinyoya vyake. Tukakubaliana katikati: kama lazima aoshe, iwe ndani ya beseni, taratibu, mbali na vyombo na kachumbari, kisha beseni, sinki na mikono vioshwe kwa sabuni.

Usiku ule nilirekodi ujumbe mwingine kwenye kundi la wazazi. Nilisema nilikosea kutaja jina la mtu bila ushahidi, nikaeleza habari ya watoto watatu wa Alhamisi, nikasema nimeingia jikoni na nilichokiona. Nikamwomba kila aliyeutuma ujumbe wa kwanza mahali pengine autume na huu.

Ningependa kukuambia kwamba yote yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umesambaa ndani ya saa moja, wa pili wachache waliusambaza. Mzazi mmoja aliandika, “Ameshalipwa huyo.” Yule wa oda ya vipapatio 100 alikuwa ameshaagiza kwingine. Kati ya vijana wawili waliopumzishwa, mmoja alirudi baada ya wiki mbili, mwingine alikuwa ameshapata kazi ya kuendesha bodaboda.

Nimeandika habari za afya kwa miaka minne. Mhariri wangu hunirudishia habari yangu ikikosa upande wa pili. Lakini kwenye kundi la wazazi hakuna mhariri, na huko ndiko neno langu liliponunuliwa bila kukaguliwa, kwa sababu tu nilitaja kazi yangu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata tulirudi. Mume wangu alisita, akasema twende kwingine kwanza. Nikamwambia hapana, tuanze hapo.

Tulisubiri dakika 25. Vipapatio vilikuja vikifuka, mchuzi ukiwa pembeni, ndimu imekatwa vipande vinne. Nilikizungusha kimoja, mifupa ikateleza. Nikamtolea binti yangu mifupa, nikampa. Akang'ata, akasimama kutafuna, akanitazama kwa mshangao.

“Mama, hiki kinapiga kelele.”

Mama mwenye mgahawa alisikia kule kaunta. Hakusema kitu, aliendelea kumenya vitunguu vyake, lakini nilimwona akitabasamu.

Wiki iliyopita mzazi mwingine alituma ujumbe kwenye kundi, mtoto wake anaharisha, anahisi ni mishikaki ya mahali fulani. Watu wakaanza kuuliza jina la mahali. Mimi nikamwandikia pembeni: pole sana mama, umeanza kumpa ORS? Ameanza kuugua lini? Nani mwingine alikula? Kuna mwingine anaumwa nyumbani?

Akanijibu baada ya muda, “Mdogo wake alianza juzi, kabla ya mishikaki.”

Jina la mahali hakulitaja tena.